Kashata njia ya shule: dakika ishirini na tano kutoka Msasani hadi Oysterbay

Mwezi huu ilikuwa nikuletee safari ya Pemba. Mimi mwenyewe ndiye niliyejipangia kazi hiyo, maana mhariri hana wa kumlaumu. Lakini Pemba ipo tu, itasubiri. Safari ninayotaka kukusimulia haina tiketi wala hoteli, ni dakika ishirini na tano kwa miguu, na naifanya mara tano kwa wiki nikiwa nimevaa gauni la kazini na raba, viatu vya kisigino vikiwa ndani ya mkoba. Ni safari ya kutoka ninapoishi, Msasani, hadi kwenye geti la shule ya binti yangu kule Oysterbay. Na kilichonifanya niiandike ni swali moja: mbwa mdogo tumchukue, au tumwache nyumbani?

Najua unacheka. Hata mimi nilicheka mwanzoni. Lakini swali hilo limenitoa fedha, limeninyima usingizi siku kumi, na nusura liniharibie jina pale shuleni ambapo bado nilikuwa mgeni.

Nianze mwanzo. Tulihamia Msasani baada ya mimi na baba yake Neema kuachana. Nimesomea mawasiliano chuo kikuu, shahada ninayo, imewekwa kwenye fremu, na ndoa yangu ikafa kwa kukosa mawasiliano. Haya, cheka tena, halafu tuendelee. Kabla ya hapo Neema alikuwa akipelekwa shule na baba yake kwa gari, redio ikiwa juu, wakigombea stesheni. Sasa akawa anakwenda kwa miguu na mama yake, na mama yake hajui kuimba. Kwa miezi miwili mtoto wa miaka saba alitembea kando yangu kama ofisa anayekwenda kukagua kitu. Nikimuuliza jambo ananijibu "ndiyo" au "hapana". Nikimwambia "Angalia, kunguru amebeba ndala!" anaangalia, ananyamaza. Kama una mtoto unajua: kelele za mtoto zinachosha, lakini ukimya wake unatisha.

Ndipo akaingia Kashata. Babu mmoja mlinzi wa nyumba ya jirani, mzee wa kanda ya ziwa ambaye mtaa mzima unamwita Babu tu, alikuwa na mbwa jike aliyezaa watoto watano chini ya tangi la maji. Mbwa koko, si wa kabila lolote, wa rangi ya karanga na madoa meupe ya sukari. Neema aliwaona mara moja tu, na jioni ile akaongea sentensi nzima: "Mama, yule mmoja anafanana na kashata." Wiki nane za umri wake zilipotimia tukamchukua.

Sasa twende njiani.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Msasani ya kijijini imeshaamka zamani. Hii ndiyo Msasani ya wavuvi, iliyokuwepo kabla ya maghorofa na maduka makubwa ya huko mbele, na ukishuka kidogo kuelekea ufukweni unakuta ngalawa na mitumbwi na wanawake wenye ndoo wanaongoja samaki. Vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wenye miavuli wanapeana zamu. Kuna harufu ya mkaa, ya dagaa, na ya iliki kutoka kwenye vitumbua vya mama mmoja ambaye karai lake naliheshimu kuliko mikahawa mingi niliyoiandikia humu. Watoto wa madrasa wanapita na juzuu zao vifuani. Bodaboda wanafuta pikipiki. Kila mtu anamsalimia kila mtu, na usipoitikia utaulizwa jioni una tatizo gani.

Katika kichochoro hicho mbwa si jambo dogo. Nilizaliwa bara, kwetu mbwa analala jikoni wakati wa baridi na hakuna anayeshangaa. Pwani ni tofauti, na aliyenielimisha ni mama wa vitumbua, siku ya kwanza kabisa, bila kunikunjia uso. Aliniita pembeni. "Mwanangu, sisi hatumchukii mbwa. Ila mate yake. Akinilamba, au akinigusa akiwa majimaji, sina swala mpaka nitoharike, mara saba, na mara moja kwa udongo. Mkavu na mkavu hakuna neno." Hiyo ndiyo fikihi ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu. Kisha akaongeza, akigeuza kitumbua, kwamba hata hivyo dini imemsifu mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu, kwa hiyo nisije nikamwacha mnyama na njaa kwa kisingizio cha majirani. Nimekaa kwenye semina nyingi za kuishi pamoja na watu wa imani tofauti. Hakuna iliyonifundisha kwa ufupi namna ile.

Basi sharti la kwanza likajipata lenyewe: ndani ya kichochoro Kashata hagusi mtu, hagusi ndoo, hasogei kwenye mikeka. Anabebwa.

Na kumbe daktari wa mifugo naye alishasema abebwe, kwa sababu zake. Hapa naomba uniazime sikio kidogo kama una mbwa mchanga, maana mimi nilikuwa sijui kitu. Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi cha kuizoea dunia, kuanzia kama wiki ya tatu hadi wiki ya kumi na mbili au kumi na nne hivi. Anachokutana nacho katika kipindi hicho bila kuumizwa, awe mtoto anayekimbia, pikipiki, mwavuli au kofia, hatakiogopa sana ukubwani. Anayefungiwa uani mpaka akue ndiye mara nyingi anayekuja kubwekea kila kinachopita na kung'ata kwa hofu. Lakini kipindi hichohicho ndicho chanjo zake hazijakamilika. Zile sindano za magonjwa kama parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afike wiki ya kumi na sita. Kirusi cha parvo hukaa ardhini miezi mingi. Kwa hiyo ukimweka chini mahali wanapopita mbwa wengine unacheza kamari, na ukimfungia ndani unacheza kamari nyingine. Ushauri: mtoe, aone, asikie, anuse hewa, ila miguu yake isiguse ardhi ya barabarani.

Nikafikiria mbeleko. Nikamfikiria mama wa vitumbua akiona kanga ya Mwafrika imebeba mbwa mgongoni. Nikanunua kikapu cha ukili.

Na hivyo ndivyo tulivyokuwa tukitoka kila asubuhi: mimi na mkoba begani, Neema na begi lake la shule, na katikati yetu kikapu, kila mmoja ameshika mkono mmoja, masikio mawili ya rangi ya karanga yametokeza juu. Wiki ya kwanza Neema aliongea na Kashata tu. Alimtangazia barabara kama mtangazaji wa mpira. "Kashata, hiyo ni bajaji. Kashata, huyo ni kondoo, si mbwa mwenzio." Wiki ya pili akaanza kuniomba nimthibitishie. "Eti mama, si kweli?" Mimi nikawa naitikia, moyo unadunda, nikiogopa hata kupiga chafya nisije nikaivunja.

Tukishavuka Kimweri dunia inabadilika. Hapo ndipo unapoingia ushuani. Hakuna barabara katika Dar inayonishangaza kama hii, kwa sababu mabadiliko yanachukua hatua mia mbili tu. Vichochoro vinakwisha, kuta zinaanza, na juu ya kuta bogonia na juu ya bogonia nyaya za umeme. Wakati wa ukoloni wa Waingereza Oysterbay ilikuwa mitaa ya maofisa wa Kizungu, viwanja vikubwa, miti, upepo wa bahari. Wenye nyumba wamebadilika, viwanja bado ni vilevile, ingawa siku hizi vingine vimeoteshwa maghorofa. Hapa watu hawasalimiani kwa sababu hakuna watu. Kuna magari yenye vioo vyeusi, na kuna walinzi kwenye viti vya plastiki.

Na kuna mbwa. Geti baada ya geti lina kibao: MBWA MKALI. Vingine vimechorwa na kichwa chenye meno. Neema amejifunza kusoma vizuri kwa vibao hivyo, nasema kweli. Kila tukipita na kikapu, mbwa wasioonekana wanabweka kwa zamu kama wanapasiana habari, huyu anamaliza, yule anapokea, hadi mwisho wa barabara. Kashata anajikunja chini ya kitambaa. Mlinzi mmoja alituambia, huku akiangalia kama bosi hayupo, kwamba nyuma ya kibao chake hakuna mbwa tangu mwaka juzi. "Kibao kinatosha," alisema. Cha ajabu ni kwamba mbwa hawa wa ushuani wanaishi vizuri, wanakula nyama ambayo mimi nafikiria mara mbili kuinunua, lakini wengi wao hawajawahi kuona mtoto wa shule isipokuwa miguu yake, kupitia upenyo wa chini ya geti. Daktari wetu anasema wagonjwa wake wasumbufu zaidi ni hao.

Kwenye Haile Selassie tunapita pale Morogoro Stores, walipo wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta za dukani juu ya vipande vya mbao, akafariki mwaka 1972, na wanafunzi wa wanafunzi wake bado wapo hapohapo. Asubuhi wengi hawajafika, lakini picha zilizobaki nje zinatosha: twiga, ndege, chui wenye madoa kama maua. Neema alitafuta mbwa. Hakumwona. Akaamua kuwa akikua atachora mbwa, "kwa sababu wamemsahau". Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote za mwezi ule, na nikaiandika kwenye simu.

Kuanzia hapo unasikia bahari kabla hujaiona. Jumamosi na Jumapili huko mbele, Coco Beach, ni mihogo ya kukaanga, muziki na wachumba. Siku za kazi ni upepo tu. Halafu unakata kona moja, na hapo ndipo lilipo geti la shule. Hapo ndipo nilipokosea.

Geti la shule asubuhi si mahali, ni hali. Mabasi madogo ya wanafunzi yanarudi kinyumenyume, bajaji zinapenya, wazazi wameegesha pande zote mbili, watoto wanakimbia wakiwa na mikate midomoni, na mlinzi mmoja mwenye filimbi anajaribu kuwa waziri wa uchukuzi. Nilishapenda kusimama pale na kikapu. Lazima nikiri. Nilikuwa mgeni, sina gari, sina mume, na kwenye geti la shule ya ushuani hayo yanaonekana haraka. Lakini nikiwa na Kashata watoto walinizunguka. Wazazi ambao hawakuwahi kunisalimia wakawa wananiuliza anaitwaje. Na Neema, ambaye hakuwa na rafiki hata mmoja, akawa yule mwenye mbwa. Niliona kwamba njia hii ilikuwa inatutengeneza wote wawili, nikasahau kuuliza inamfanyia nini mtoto wa mtu mwingine.

Asubuhi hiyo simu ilikuwa ya kiwandani. Jalada la mwezi limetoka na rangi mbaya, sura ya bibi harusi imekuwa ya kijani, wasimamishe mashine au waendelee? Nikaweka kikapu chini. Dakika moja tu, nilijiambia. Neema akashika kamba. Mvulana wa darasa la kwanza, nitamwita Ibra, akaja anakula chapati. Kashata alikuwa na wiki kumi na moja na hajawahi kuona chapati ikiwa karibu hivyo. Akaruka. Ibra akarudi nyuma, nyuma ilikuwa barabara, na bajaji iliyokuwa inakuja ilifunga breki kwa mlio ambao bado nausikia. Haikumgusa. Namshukuru Mungu na dereva yule. Lakini kwenye mgongo wa mkono wa Ibra kulikuwa na mistari miwili myembamba ya meno. Damu haikutoka, ngozi tu imechunika.

Mama yake alifika kabla sijamaliza kusema pole. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja. "Ana chanjo ya kichaa?"

Hakuwa nayo. Ilikuwa achomwe wiki iliyofuata, akitimiza miezi mitatu. Nilitaka kujieleza, nikaanza, "Lakini bado ni mdogo sana, dada, mbwa mdogo hivi..." na nikasikia mwenyewe jinsi inavyosikika.

Tuelewane hapa, msomaji, maana wengi tunadhani nilivyodhani. Mbwa mdogo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ndiyo sababu kwenye kampeni za chanjo za vijijini wataalamu huchanja hata watoto wa mbwa wa wiki chache. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kama 59,000 kwa mwaka duniani, wengi Afrika na Asia, karibu vyote vinatokana na mbwa, na kati ya kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Huku kwetu si hadithi za zamani. Kinga yake nayo inajulikana: ukichanja mbwa saba katika kila kumi wa eneo, na ukafanya hivyo kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita.

Tulikwenda kwenye bomba la bustani ya shule. Mama Ibra alimwosha mwanawe mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, na alikuwa anahesabu. Nilidhani anahesabu dakika, maana kanuni ya hospitali ni dakika kumi na tano. Alikuwa anahesabu mara. Saba. Kisha akachukua udongo mkavu wa kwenye ua, akasugua, akaosha tena, na akaanza upya na sabuni mpaka dakika kumi na tano zikapita. Nilishika ule mpira wa maji na sikuwa na la kusema.

Hospitalini wakatueleza. Mchubuko usiotoa damu unatosha kuanza sindano, hakuna kusubiri: moja siku hiyohiyo, nyingine baada ya siku tatu, nyingine baada ya siku saba. Mbwa asiuawe wala asitoroshwe. Afungwe nyumbani, aangaliwe siku kumi. Mbwa akiwa na virusi kwenye mate siku alipong'ata, ataugua na kufa ndani ya siku hizo. Akimaliza kumi akiwa mzima, mtoto yuko salama. Nililipa zote. Si wema huo, ni deni.

Siku kumi ni nyingi. Jaribu kumtazama mtoto wa mbwa kwa siku kumi ukitafuta ishara. Akichelewa kunywa maji, unasimama. Akibadili sauti, unasimama. Nilikuwa naamka usiku na tochi ya simu. Kila asubuhi nilimtumia Mama Ibra ujumbe: "Amekula." Na kila asubuhi alijibu: "Sawa." Neno hilo moja, hakuna nyongeza. Sikumlaumu.

Na asubuhi tukarudi kutembea wawili, bila kikapu. Nilitegemea Neema atanyamaza tena. Siku ya nne, tukiwa usawa wa vile vibao vya mbwa wakali, akaniuliza bila kunitazama: "Mama, Kashata akifa, baba atakuja?"

Nilisimama. Mbwa wa geti lile walikuwa wanabweka na mlinzi akadhani wametutisha, akawagombeza. Nimesomea mawasiliano, nimewaandikia wasomaji kurasa nzima za namna ya kuzungumza na watoto baada ya ndoa kuvunjika. Vyote vikaruka. Nilimwambia sijui. Nilimwambia Kashata anakula vizuri na sidhani kama atakufa, na kwamba si lazima mtu afe ndiyo baba yake apigiwe simu. Tukampigia hapohapo, tukiwa tumeegemea ukuta wa watu. Waliongea mpaka kwenye kona ya shule. Sikusikiliza. Basi, nilisikiliza kidogo. Walikuwa wanagombana ni stesheni gani iliyokuwa nzuri.

Kwa hiyo tunarudi kwenye swali, na nitakupa jibu langu mimi, si la wote. Siku kumi zilipita, Kashata mzima, siku ya kumi na mbili akachomwa ya kichaa na zile nyingine zilizobaki kwa ratiba. Shule nayo ikatoa tangazo kwamba wanyama hawaruhusiwi getini, na ingawa halikunitaja jina kila mtu alijua ni la nani. Tangazo hilo ni sahihi. Geti la shule ni la watoto wote, wakiwemo wanaoogopa mbwa, wanaotakiwa kubaki na tohara kwa ajili ya swala ya adhuhuri, na wanaokula chapati. Mtoto anayemwogopa mbwa hakimbilii mahali salama, anakimbia tu, na pembeni kuna barabara.

Lakini kumwacha nyumbani moja kwa moja sikukubali pia. Tukapata njia ya kati, nayo ni Babu. Zamu yake ya usiku inaisha saa kumi na mbili asubuhi, na anapenda kunyoosha miguu kabla ya kulala. Sasa tunatoka wanne. Kichochoroni Kashata bado anabebwa, ingawa amekuwa mzito na kikapu kinalia. Kuanzia ng'ambo ya Kimweri anatembea kwa kamba fupi, upande wa ukutani, mimi ndiye ninayeishika na simu iko ndani ya mkoba, hata bibi harusi awe wa zambarau. Kwenye picha za Tingatinga ndipo mwisho wake. Babu anakaa naye kwenye kivuli, sisi wawili tunamalizia. Nikirudi namchukua.

Mchana wakati wa kumfuata Neema haendi kabisa. Lami ya Dar saa nane mchana inachoma; weka mgongo wa kiganja chako pale uone kama utahimili mpaka kuhesabu saba, ndipo umfikirie mnyama asiye na kandambili. Na uchafu wake tunauokota. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 tunatumia magazeti ya jana. Nilijaribu nakala zetu zilizobaki stoo, lakini karatasi hii ya kung'aa inateleza. Wachapishaji wangu wasisome hapa.

Siku ya kumi na tatu, Mama Ibra alitukuta pale kwenye picha. Alikuwa ameshuka kwenye bajaji mapema, nadhani kwa makusudi. Alisimama upande wa pili wa mtaro, umbali wa heshima, akamshika mwanawe mkono ule uliopona. Tukasalimiana vizuri, salamu ndefu, ya nyumbani, ya watoto, ya kazi. Ibra alimtazama Kashata kwa muda mrefu, uso umekunjamana kama mtu aliyedhulumiwa.

"Kumbe hajafa," alisema.

"Hajafa," Neema akamjibu.

"Mimi nimeshawaambia darasa zima amekufa."

Neema akafikiri. "Waambie amefufuka," akasema, na wakaondoka wote wawili mbele yetu kwenda shule, wakipanga namna ya kuisimulia.